Chapa za wasanii wakubwa: Nani anamlinda mnunuzi mdogo?

MWEZI Novemba 2024 waendesha mashtaka wa mji wa Pisa, nchini Italia, walitangaza kwamba kikosi cha polisi wa Carabinieri kinachoshughulikia ulinzi wa mali za utamaduni kimekamata kazi za sanaa za kughushi zaidi ya 2,100. Kazi hizo zilibeba majina ya wasanii zaidi ya 30, wakiwamo Picasso, Modigliani, Andy Warhol na yule Mwingereza asiyejulikana sura, Banksy. Kama zote zingeuzwa kwa bei ya kazi halisi, zingewaingizia wenyewe takriban euro milioni 200. Watu 38 walitajwa kuwa watuhumiwa, katika nchi za Italia, Hispania, Ufaransa na Ubelgiji.

Lililoshangaza zaidi katika taarifa hiyo si idadi wala fedha. Ilielezwa kwamba wahusika waliandaa maonyesho mawili ya kazi za Banksy, moja Mestre karibu na Venice na jingine Cortona katika jimbo la Toscana, yakiambatana na kitabu kilichochapwa vizuri kueleza kazi zilizoonyeshwa. Maana yake ni kwamba kazi ya kughushi ilitafutiwa kwanza historia, ikapewa ukurasa katika kitabu, ndipo ikapelekwa kwa mnunuzi. Na mnunuzi aliyejitahidi kuuliza, "Kazi hii imewahi kuonyeshwa wapi?" alikuwa na jibu tayari mkononi.

Kwa mujibu wa waendesha mashtaka hao, waghushi walijikita zaidi katika kazi za Warhol na Banksy. Hao ni wasanii wawili ambao sehemu kubwa ya kazi zao zinazozunguka sokoni si michoro ya brashi bali ni chapa, yaani picha zinazotolewa kutoka kwenye bamba, jiwe, ubao au skrini kwa idadi maalumu. Hapo ndipo penye kiini cha mjadala wetu. Tajiri anayenunua mchoro mmoja wa Picasso kwa mamilioni ya dola huwa na mawakili, wataalamu na maabara. Anayenunua chapa ya Picasso kwa akiba ya mwaka mzima huwa na macho yake mawili na cheti alichopewa na muuzaji.

Mwandishi wa makala haya alianza kulifikiria jambo hili kwa karibu baada ya kuitwa na mzee mmoja mstaafu wa hapa Dar es Salaam, aliyefanya kazi miaka mingi barani Ulaya. Mwaka 1986 alinunua huko chapa ya msanii wa Kihispania Salvador Dalí kwa fedha ambazo, kwa maelezo yake, zilikuwa mishahara ya miezi miwili na nusu. Aliirudisha nyumbani ndani ya fremu yake, akaitundika sebuleni kwa takriban miaka 40. Sasa mjukuu wake anahitaji ada ya chuo. "Mwanangu," aliniambia, "hii ndiyo benki yangu. Niambie tu nikaitolee wapi."

Tutarejea kwa mzee huyo. Kwanza inafaa tuelewane juu ya maana ya maneno, kwani Kiswahili chetu hapa kinatuchanganya. Neno chapa tunalitumia kwa gazeti, kwa muhuri wa ofisini na hata kwa alama anayopigwa ng'ombe. Katika soko la sanaa, hata hivyo, kuna tofauti kubwa kati ya chapa halisi na nakala. Nakala ni picha ya mchoro uliokwisha kuwapo: mtu anaupiga picha mchoro, anaupeleka kiwandani, mashine inatoa karatasi elfu. Chapa halisi haina mchoro mwingine nyuma yake. Msanii anachonga ubao, anachora juu ya bamba la shaba kisha anaacha tindikali ile mistari, au anachora kwa kalamu ya mafuta juu ya jiwe la chokaa. Karatasi inayotoka hapo ndiyo kazi yenyewe. Zikitoka 75, zote 75 ni kazi zenyewe, na hakuna iliyo mama wa nyingine.

Mwaka 1961 Baraza la Chapa la Marekani lilijaribu kuliwekea jambo hili mipaka kwa masharti matatu: picha iwe imetengenezwa na msanii mwenyewe juu ya bamba, jiwe au ubao, karatasi itolewe moja kwa moja kutoka hapo, na msanii mwenyewe au kwa maelekezo yake, na karatasi iliyokamilika ipate idhini yake. Ni masharti mazuri, lakini hayakuchukua muda kupitwa na wakati. Mwaka 1967 Warhol alitoa seti ya picha 10 za Marilyn Monroe kwa njia ya skrini, ile ile wanayoitumia vijana wetu wanaochapa fulana za kampeni na za misiba, akianzia kwenye picha ya kamera ambayo hakuipiga yeye. Kila picha ilitolewa katika toleo la karatasi 250. Leo karatasi moja tu ya seti hiyo, ikiwa na saini, huuzwa kwa zaidi ya dola 100,000.

Forodha nazo zina maelezo yao. Mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, ambao nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki pia zinautumia katika ushuru wao wa pamoja, una kifungu namba 97.02 kinachohusu chapa halisi. Kifungu hicho kinataka bamba liwe limetengenezwa lote kwa mkono wa msanii, na kinakataa njia yoyote ya mashine au ya mashine pamoja na kamera. Ukikisoma kwa ukali wa herufi, Marilyn wa Warhol angepata taabu kupita bandarini kama kazi halisi ya sanaa. Dunia ya biashara na dunia ya sheria haziongei lugha moja, na katika nafasi iliyobaki kati yao ndimo waghushi wanamopita.

Lakini ipo sababu nyingine ya msingi inayofanya chapa ziwe shamba la waghushi, nayo ni ile ile inayozifanya zipendwe: wingi wake. Watu wawili wakijitokeza na mchoro mmoja wa brashi, mmoja wapo anasema uongo, au wote wawili. Watu wawili wakijitokeza na chapa moja, wote wanaweza kuwa wakweli. Soko limezoea kuona karatasi ile ile ikiuzwa London mwezi Machi, New York mwezi Mei na Paris mwezi Novemba. Karatasi ya mia moja haimshtui mtu, labda ikutwe imeandikwa namba ambayo tayari iko ukutani kwa mtu mwingine.

Kwa kuwa picha yenyewe haiwezi kujitetea, soko liliamua kuitegemea penseli. Chini ya chapa nyingi za karne ya 20 utakuta saini ya msanii kwa penseli upande wa kulia, na upande wa kushoto namba mbili zilizotenganishwa kwa mkwaju, kwa mfano 12/75, yaani karatasi ya 12 katika toleo la 75. Nje ya hesabu hiyo kuna karatasi chache za msanii mwenyewe, ambazo Wafaransa huziandika herufi E.A. Utaratibu huu umemfanya mnunuzi aamini kwamba saini ndiyo uhalisi. Si kweli, na historia inatoa mifano ya kutosha.

Mfano wa kwanza ni wa Picasso. Kati ya mwaka 1930 na 1937 alitengeneza mabamba 100 kwa ajili ya Ambroise Vollard, mfanyabiashara wa sanaa wa Paris. Fundi Roger Lacourière alizichapa mwaka 1939, na mwaka huo huo Vollard akafa katika ajali ya gari. Karatasi zikaingia mikononi mwa mfanyabiashara mwingine, Henri Petiet, na Picasso akawa anazitia saini kwa mafungu katika miaka iliyofuata vita. Nyingine hazikutiwa saini kabisa. Zote ni halisi: zilitoka kwenye mabamba yale yale, siku zile zile, juu ya karatasi zenye alama ya maji inayosomeka "Vollard" au "Picasso". Hata hivyo, yenye saini huuzwa ghali kuliko isiyo nayo. Kishawishi kinachofuata hakihitaji maelezo marefu. Mwovu hana haja ya kughushi chapa nzima. Anachukua iliyo halisi isiyo na saini na kuiongezea maneno mawili ya penseli.

Mfano wa pili unamhusu Marc Chagall. Mwaka 1956 jarida la Kifaransa la Verve lilitoa toleo maalumu la Biblia lililokuwa na chapa zake za jiwe, zilizochapwa katika karakana ya Mourlot mjini Paris. Hazikuwa na saini wala namba, kwa sababu zilishonwa ndani ya jarida na kutolewa kwa maelfu. Jarida jingine la huko, Derrière le Miroir, lilifanya hivyo hivyo kwa Joan Miró na wengine kuanzia mwaka 1946 hadi 1982. Karatasi hizi ni miongoni mwa njia nafuu na za haki za kumiliki kazi halisi ya mabwana hao, kwani nyingi hupatikana kwa dola mia chache. Tatizo linaanza pale zinapokatwa kutoka kwenye jarida, zikapewa saini na namba, na kugeuka kuwa toleo adimu la maelfu ya dola. Anayenunua hapo amenunua karatasi ya kweli yenye uongo mdogo pembeni, na uongo huo mdogo ndio alioulipia.

Wa tatu, na wa aibu kuliko wote, ni Dalí mwenyewe. Katika visa viwili vya kwanza wasanii waliibiwa majina. Dalí aliliuza lake. Mwaka 1974 maofisa wa forodha wa Ufaransa walisimamisha lori katika mpaka wa Andorra, wakakuta ndani yake karatasi 40,000 tupu. Hazikuwa na mchoro wala mstari wowote, isipokuwa saini ya Dalí chini ya kila moja. Maofisa hawakuona kosa la kumkamatia mtu, kwa kuwa sheria haikukataza mtu kusaini karatasi yake tupu. Hilo lilikuwa lori moja tu. Katika miaka ile msanii huyo alisaini karatasi za aina hiyo kwa maelfu kwa maelfu, naye akilipwa kwa saini, si kwa picha. Zilipokwenda na kilichochapwa juu yake, hakuna aliyekuwa na uwezo wa kufuatilia.

Matokeo yake yalikuwa msiba wa kibiashara usio na mfano. Hapa kuna karatasi yenye saini ya kweli na picha ambayo msanii hakuiona. Kuna yenye picha ya kweli na saini ya uongo. Na kuna ambazo vyote viwili ni uongo. Mwaka 1990 wenye duka moja la sanaa mjini Honolulu, Hawaii, walitiwa hatiani na mahakama ya shirikisho ya Marekani kwa kuwauzia wateja Dalí bandia. Mwaka uliofuata, wapelelezi wa posta wa Marekani walikamata makumi ya maelfu ya chapa za Dalí, Picasso, Miró na Chagall zilizokuwa mikononi mwa familia ya mchapishaji mmoja wa New York aliyekwisha kufariki. Warithi walikuwa wakiendeleza biashara ya baba kama wengine wanavyoendeleza duka la nguo.

Ilidhaniwa kwamba kesi hizo zingelisafisha soko. Badala yake, intaneti ililipanua. Mwezi Machi 2008 watu saba walifunguliwa mashtaka mjini Chicago kwa kuuza chapa za kughushi, nyingi zikipitia mnada wa eBay. Waliodhurika walikadiriwa kuwa zaidi ya 10,000 na hasara yao kuzidi dola milioni 5. Gawanya mwenyewe: wastani ni dola 500 kwa kila mtu. Hao si mabilionea. Ni walimu, wauguzi na wastaafu waliotaka kitu kizuri ukutani, kitu ambacho siku ya shida kingeweza kugeuzwa fedha. Tena karatasi hizo zilidaiwa kutoka kwa wasambazaji wa Italia na Hispania, nchi zile zile zilizotajwa katika taarifa ya Pisa miaka 16 baadaye. Huko California nako, mwaka 2010, mwanamke mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka saba kwa kuendesha mnada wa televisheni ya satelaiti uliouza kazi za kughushi, wahanga wakiwa zaidi ya 10,000 na hasara zaidi ya dola milioni 20.

Katika kesi hiyo ya televisheni, kazi nyingi zilitolewa kwa printa za wino za kompyuta. Biashara hiyo ina neno lake la heshima, jiklee, lililotungwa mwaka 1991 na fundi mmoja wa California kutokana na kitenzi cha Kifaransa chenye maana ya kunyunyiza. Alilitunga kwa sababu neno "printa" lisingeuza. Si dhambi kutumia printa ya wino, na wapo wasanii wanaobuni kazi zao moja kwa moja kwenye kompyuta na kuzitoa kwa njia hiyo. Lakini mtu anayeuziwa jiklee ya mchoro wa msanii aliyefariki miaka 50 iliyopita ameuziwa picha ya picha, hata karatasi ikiwa ya pamba na fremu ikiwa ya dhahabu.

Sheria hazikukaa kimya kabisa. Tangu mwaka 1971 jimbo la California linamtaka muuzaji wa chapa amweleze mnunuzi kwa maandishi jina la msanii, njia iliyotumika, idadi ya toleo, kama saini ni ya mkono, na kama bamba limeharibiwa baada ya kuchapa. Anayekiuka kwa makusudi anaweza kudaiwa mara tatu ya bei. New York ilifuata katika miaka ya 1980. Kwa maoni yangu hizi ni sheria zenye busara kwa sababu hazimwachii mnunuzi kazi ya kuuliza. Zinamlazimisha muuzaji kusema. Udhaifu wake ni kwamba zinakaa ndani ya mipaka ya jimbo, wakati bahasha ya posta haina mipaka.

Sekta yenyewe nayo imejaribu kujisimamia, kwa mafanikio yanayotofautiana. Warithi wa Warhol waliunda bodi ya kuthibitisha kazi zake mwaka 1995. Bodi hiyo ilikuwa ikirudisha kazi zilizokataliwa zikiwa zimegongwa muhuri nyuma, bila kutoa sababu; ikashtakiwa na mkusanyaji mmoja mwaka 2007; gharama za mawakili zikawa kubwa kuliko faida ya ukweli, na mwaka 2012 ikafunga milango. Tangu hapo mwenye chapa ya Warhol yenye utata hana mlango rasmi wa kubisha. Anabaki na orodha kamili ya Feldman na Schellmann, ambayo humwambia chapa halisi inapaswa kuwaje, lakini haimwambii kama ya kwake ndiyo.

Banksy alitumia njia nyingine. Mwaka 2008 aliunda ofisi yake, Pest Control, ndiyo pekee inayotoa vyeti vya kazi zake. Cheti hicho hubanwa kipande cha noti bandia ya pauni 10 yenye sura ya Princess Diana, iliyochanwa katikati na kuandikwa namba kwa mkono juu ya mchaniko. Nusu ya pili inabaki ofisini. Vipande vikikutana, cheti ni cha kweli. Ni ujanja wa kizamani, wa aina ambayo wafanyabiashara wa kale wangeuelewa mara moja, na hadi leo umefanya kazi kuliko mihuri mingi inayong'aa. Lakini hata ngome hiyo ndiyo iliyozungukwa na watu wa Pisa kwa maonyesho na vitabu, kwani si kila mnunuzi anajua kwamba cheti ni kimoja tu na mengine yote ni maneno.

Bei nazo zimechangia. Mwezi Oktoba 2018 mchoro wa Banksy wa msichana na puto ulijichana vipande mnadani Sotheby's, London, dakika ile ile ulipouzwa kwa pauni milioni 1.04, na miaka mitatu baadaye ukauzwa tena, ukiwa umechanika vile vile, kwa pauni milioni 18.6. Mwaka 2021 kampuni moja iliichoma moto chapa yake iitwayo Morons mbele ya kamera ili iuze picha ya kidijitali badala yake. Bei za chapa za Banksy zilipaa katika miaka ya 2020 na 2021, kisha zikashuka. Walioingia kileleni kwa kusikia tu kwamba "chapa haishuki" wamejifunza vinginevyo. Na bei inapopanda ghafla ndipo karatasi za kughushi zinapopata soko, kwa kuwa mnunuzi ana haraka.

Msomaji atauliza, haya yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu zaidi ya tunavyodhani. Nyumba ya Sanaa ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1972 kwa juhudi za Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll, ilikuwa mahali ambapo wasanii wa Kimakonde walijifunza kuchora juu ya bamba na kuchapa. George Lilanga, aliyefariki mwaka 2005 akiwa na jina kubwa Ulaya, Marekani na Japani, alipita hapo, na mashetani yake yenye masikio makubwa yapo pia katika chapa. Robino Ntila amejijengea jina lake kwa kazi hiyo ya bamba na tindikali. Kusini mwa bara letu, John Muafangejo wa Namibia, aliyefariki mwaka 1987, alichonga linoleamu na kutoa chapa nyeusi na nyeupe zinazotafutwa leo na makumbusho, baada ya kusoma Rorke's Drift, Afrika Kusini. Hizi ni chapa halisi kwa kila kipimo, nyingine zikiwa na nguvu kuliko Dalí yoyote wa miaka ya 1970.

Swali ni je, ni karakana ngapi za kwetu zinazotunza daftari la matoleo? Ni bamba lipi lilichapwa karatasi ngapi, nani alichukua, na bamba liko wapi? Mabamba ya msanii aliyefariki yakibaki kwenye sanduku chini ya kitanda, mtu yeyote mwenye mashine anaweza kuchapa mengine kesho, na hatakuwa ameghushi mstari hata mmoja. Ulaya walizoea zamani kulikwaruza bamba au kulitoboa baada ya toleo kukamilika, wakachapa karatasi moja ya mwisho yenye mikwaruzo kama ushahidi. Ni kazi ya dakika tano na msumari.

Kuna fedha ndani yake pia. Umoja wa Ulaya tangu mwaka 2001 una agizo linalompa msanii au warithi wake sehemu ya bei kila kazi yake inapouzwa tena na mfanyabiashara, na linazitambua chapa zilizotolewa kwa idadi maalumu na msanii au kwa idhini yake kuwa kazi halisi. Kenya iliingiza haki ya namna hiyo katika sheria yake ya hakimiliki mwaka 2019. Lakini haki hiyo inadaiwa kwa ushahidi. Mjane wa mchapaji atathibitisha vipi kwamba karatasi iliyouzwa mnadani ni ya toleo la mumewe, ikiwa hakuna palipoandikwa kwamba toleo hilo lilikuwapo? Wenzetu wa Ulaya na Marekani wanahangaika na wingi wa vyeti, vingi vikiwa vya uongo. Sisi hata cha kughushi hatujakifikia, na si jambo la kujivunia.

Kwa anayetaka kukusanya chapa kwa fedha ya kawaida, njia ipo, nayo ni ya polepole. Orodha kamili za kazi zimechapishwa: ya Georges Bloch kwa Picasso, ya Fernand Mourlot kwa chapa za jiwe za Chagall na Miró, ya Albert Field kwa Dalí, iliyotoka mwaka 1996. Humo utakuta vipimo vya picha kwa milimita, aina ya karatasi na idadi ya toleo. Chapa iliyopungua sentimita mbili kuliko orodha inavyosema haikusinyaa kwa hali ya hewa. Itolewe kwenye fremu kabla ya kulipiwa, kwa sababu fremu huficha kingo, mgongo na alama za karatasi, na muuzaji anayekataa kuitoa amekwisha kukupa jibu. Lenzi ndogo ya mshonaji saa itakuonyesha kama wino umelala kwa ukamilifu au kwa vijitone vilivyopangwa kama vya picha ya gazeti. Kwa chapa ya bamba, pitisha kidole pembezoni: presha ya mashine huacha bonde jepesi kuizunguka picha.

Hayo ndiyo tuliyoyafanya kwa yule mzee. Tuliiweka picha juu ya meza ya chakula, tukaondoa misumari ya nyuma ya fremu mmoja mmoja, naye akinisihi nisiichane. Cheti kilisema ni chapa ya jiwe ya mwaka 1974, toleo la 300, karatasi ya Arches. Saini ilikuwa pana na ya madaha. Tuliinua karatasi na kuielekeza dirishani. Alama ya maji ilijitokeza: jina la Arches, na baada yake ile alama ya hisabati ya kisicho na mwisho, inayofanana na nane iliyolazwa. Kiwanda cha Arches kilianza kuiweka alama hiyo mwaka 1980. Karatasi iliyodaiwa kuchapwa na kutiwa saini mwaka 1974 ilikuwa bado haijatengenezwa.

Nilimweleza taratibu. Aliniomba niinue tena, akaitazama mwenyewe kwa muda mrefu, akauliza kama kiwanda hakiwezi kuwa kilikosea. Kisha akakichukua cheti na kukisoma upya, safari hii kwa sauti, hadi kwenye muhuri na namba ya simu ya duka. Tuliipiga. Namba hiyo haipo tena. Ada ya muhula wa kwanza inatakiwa mwezi Oktoba, na tayari amekwisha kuongea na mtu anayetaka kununua kiwanja chake cha Kibaha.